Baba wa watoto wanane na kibarua cha kupikia mtu mmoja

Saa kumi na moja alfajiri, Galen Ebersole anakoroga uji wa oti kwenye sufuria kubwa ambayo mwanawe wa mwisho, Micah, aliwahi kuogeshwa humo siku bomba la bafuni lilipoganda.

"Kwanza tuliosha sufuria, kisha mtoto, kisha sufuria tena," anasema bila kugeuka. "Tuliosha sana. Usiandike kwamba hatukuosha."

Nje, bonde la Lebanon hapa Pennsylvania bado limejifunika ukungu wa Juni. Ndani, mwiko unagonga sufuria, na juu ya dari miguu midogo imeshaanza kukimbia. Galen, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, anakata stroberi, anaonja uji, anamnyang'anya paka kipande cha siagi. Leo maneno yake ni machache kuliko kawaida.

Sababu ni moja. Saa nne asubuhi anakuja Bi Arlene Moyer, mwalimu mstaafu anayekagua watoto wanaosomea nyumbani. Wiki mbili zilizopita alikuja, akawauliza watoto maswali, akatazama daftari zao, akatia saini kwa wote wanaosoma isipokuwa mmoja: Tirzah, mtoto wa nne, mwenye miaka tisa.

Galen na mkewe Lorene wana makubaliano. Bi Moyer akikataa tena leo, Septemba Tirzah atapanda basi la njano kwenda shule ya mjini, na wadogo zake watamfuata mmoja baada ya mwingine.

"Basi lenyewe silichukii," Galen anasema. "Nimeendesha magari makubwa kuliko lile. Lakini katika nyumba hii nina kazi mbili, jiko na darasa. Darasa likiondoka nitabaki na sufuria."

Kwa karibu miaka ishirini aliendesha lori la maziwa, akizunguka mashamba ya bonde hili kabla jogoo hawajaamka. Asubuhi moja ya Januari aliteleza kwenye ngazi ya tangi iliyokuwa na barafu, akaanguka chali. Madaktari waliunganisha uti wake kwa vyuma, wakamwambia usukani asahau.

Mwaka mzima alilala kwenye kochi la sebuleni, akimtazama Lorene akipika na kufundisha kwa wakati mmoja. Kisha akiba ikaisha. Lorene akarudi kwenye uuguzi wa zamu ya usiku, na Galen akainuka kwenye kochi taratibu, akashika mwiko. Leo mshahara wa mke ndio unaolisha watu kumi, na chakula peke yake hula dola mia tatu na hamsini kwa wiki, licha ya kuku wa nyumbani na bustani.

Ualimu aliuanza hivyohivyo, na alichokuwa nacho mkononi. Herufi ziliandikwa kwenye unga uliomwagika mezani. Mito ya Pennsylvania ilichorwa kwa molasi juu ya chapati za maziwa, na aliyekosea Mto Susquehanna aliula na kuanza upya. Wafalme wa Yuda husomwa wakati wa kukanda mkate: mtoto anaanza na Rehoboamu, akifika kwa Sedekia donge liko tayari. Dwight, mwenye miaka kumi na mmoja, huwapitisha wafalme mbio kana kwamba Wababeli wameshafika uani, na siku za zamu yake mkate hutafunwa kwa imani.

Hesabu nazo zilitoka kwenye kitabu cha mapishi cha akina mama wa kanisani. Kila pishi la humo hulisha watu sita. Nyumba ya Ebersole ina watu kumi, wavulana wanakula kwa mikono miwili, Lorene anahitaji chakula cha kubeba, na ibada ya Jumapili haijawahi kwisha bila mgeni kufuata harufu hadi mezani. Kwa hiyo Galen huzidisha kila kitu mara tatu, na watoto wake nao huzidisha mara tatu kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Hapo ndipo Tirzah alipokwama.

Siku ya ukaguzi wa kwanza, Bi Moyer alimuuliza swali ambalo kwake lilikuwa la kufungulia mdomo tu. Pishi la watu sita linataka kikombe kimoja na nusu cha unga. Unataka kupikia watu sita. Utahitaji unga kiasi gani?

"Vikombe vinne na nusu," Tirzah alijibu kabla mama wa watu hajafunga mdomo.

Bi Moyer alilirudia swali polepole. Tirzah alilirudia jibu polepole, akidhani mgeni hasikii vizuri. Walijaribu sukari, wakajaribu maziwa. Kila kitu kilitoka mara tatu, hesabu safi isiyo na kosa, ila hakuna aliyeiuliza.

Mkaguzi akaacha mapishi, akaja kwenye biskuti. Kuna biskuti kumi na mbili na watoto wanne, kila mmoja atapata ngapi?

"Watoto gani?" Tirzah aliuliza.

Aliambiwa watoto wowote. Alifikiri, kisha akasema kama Dwight yumo, basi Dwight sita na wengine mbili mbili. Dwight alikuwa akisikiliza ukumbini na hakuleta pingamizi.

Wahenga walisema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Tirzah alizoea vya kuzidisha. Vya kuacha vilivyo vikamshinda. Bi Moyer, aliyefundisha darasa la tatu miaka arobaini, hakucheka wala hakukasirika. Alifunga kalamu yake.

"Bwana Ebersole, huyu anazidisha kama muuza duka," alisema. "Lakini hajibu swali langu, anajibu swali la nyumba yenu. Siku moja atatoka humu. Nampa wiki mbili."

Galen anakiri kwamba usiku ule hakumpinga hata moyoni, kwa sababu yule mama alikuwa na haki. Alipiga magoti kando ya kitanda kwa shida ya mgongo wake, akaomba maombi mafupi: Bwana, umenipa wanane, sasa nisaidie kwenye mmoja.

Kesho yake alijaribu kumfundisha kwa maneno, ikashindikana. Akajaribu kumpikisha pishi moja bila kuzidisha, nalo likaliwa na ndugu zake likiwa bado kwenye mwiko. Kupika kidogo katika nyumba ile ni kama kuweka sadaka mbele ya nzige. Alihitaji mtu anayekula peke yake, tena wa kweli.

Mtu huyo alikuwa ng'ambo ya barabara. Elwood Zerbe, fundi mstaafu wa matrekta, ana miaka themanini na mmoja, hana mke wala mtoto, na hapendi kelele, jambo linalomfanya awe na maoni mengi kuhusu majirani zake. Galen alimwendea na kumwomba ruhusa: binti yake amletee chakula cha mchana kila siku kwa wiki mbili, pishi la watu sita ligawanywe mpaka limfae mtu mmoja. Mzee alitaka kujua kama atalipa kitu. Alipoambiwa hapana, alisema atavumilia.

Siku ya kwanza Tirzah alivuka barabara na toroli la kuchezea, ndani yake ndoo ya supu ya kuku na mahindi. Alikusudia kugawanya kwa sita, lakini mkono ukazidisha mara tatu wenyewe, kisha akaongeza ya mgeni.

Mzee Zerbe alitazama ndoo. "Nani amekufa?" aliuliza, maana katika bonde hili chakula cha kiasi kile huletwa kwenye matanga.

Siku ya pili tatizo lilikuwa yai. Pishi la tambi na kuku linataka mayai mawili kwa watu sita, na Tirzah alikuja kwa baba yake na uso wa msiba: mtu mmoja anapata theluthi ya yai, na hakuna kuku anayetaga hivyo. Galen alimwonyesha kulipasua, kulipiga, na kulipima kwa kijiko. Vilitoka vijiko vitatu. Kimoja kikaenda kwa Mzee Zerbe, viwili vikaenda kwa Dwight, ambaye siku hizi anaipenda sana hesabu ya mafungu.

Siku ya tatu aligawanya kwa hamasa mno. Chakula kilienea kwenye kisosi. Mzee alikinyanyua kisosi na kuchungulia chini yake.

"Binti, kingine umekiweka wapi?"

Siku iliyofuata aligawanya kila kitu sawasawa isipokuwa chumvi, aliyoiacha ya watu sita. Mzee alikunywa maji hadi jioni, akatuma ujumbe kwamba mbwa wake naye amekataa. Lakini hakutuma ujumbe kwamba chakula kisiletwe tena.

Galen anasema somo lenyewe halikuingilia kwenye vikombe. Iliponyesha mvua, Mzee Zerbe alimwambia Tirzah aingie ndani asubiri ikatike. Alirudi nyumbani kimya, jambo ambalo kwa Tirzah ni dalili ya homa. Alisimama karibu na baba yake, akamtazama akihesabu sahani za chakula cha jioni.

"Baba," alisema, "ana kikombe kimoja."

Galen alimuuliza ana maana gani. Tirzah alieleza kwamba alifungua kabati ili amwekee mzee chai, akakuta kikombe kimoja, sahani moja na uma mmoja, na mezani kuna kiti kimoja. Alitafuta vingine, havikuwepo. Galen alimpa karoti amenye.

Kesho yake chakula kilikuwa sawa. Kikombe kimoja cha supu, kipande kimoja cha mkate, pai ndogo iliyookwa kwenye kopo la jodari. Mzee Zerbe alikula chote akasema mkate ni mgumu. Siku hiyo wafalme walikuwa wa Dwight.

Lakini kumpikia Mzee Zerbe ni kitu kimoja, na kukaa mbele ya Bi Moyer ni kingine. Ndiyo maana saa nne kasorobo leo Galen anapangusa meza ambayo amekwisha kuipangusa mara kadhaa. Lorene amerudi kutoka zamu, amekataa kwenda kulala, na amekaa kwenye ngazi na sare yake ya kazi, mtoto Micah akiwa amesinzia mapajani. Wengine wamefukuziwa bustanini, ingawa dirisha la jikoni lina vichwa vitano.

Bi Moyer anafika kwa wakati. Anakataa kahawa, anachukua kiti, anaweka kalamu mezani. Anaanza kwa kumuuliza Tirzah: pishi la watu sita lina kikombe kimoja na nusu cha unga. Unataka kupikia watu wawili.

Tirzah anafumba macho. "Wawili wanaokula au wawili kama Mzee Zerbe?"

"Wa kawaida."

"Nusu kikombe."

"Mtu mmoja?"

"Robo." Anasita. "Na chumvi nayo unaigawanya."

Bi Moyer anaandika kitu. Galen amegeukia sinki ingawa hakuna chombo cha kuosha. Kisha mkaguzi anauliza lile swali la siku ile, kwa sauti ileile. Watu sita. Unga kiasi gani?

Midomo ya Tirzah inacheza, na kwenye dirisha Dwight anamwonyesha vidole vinne kwa nia njema kabisa. Tirzah anamwona. Anaangalia meza, akikunja na kukunjua vidole vyake.

"Kimoja na nusu," anasema mwishowe. "Unakiacha kilivyo. Hilo ndilo gumu."

Bi Moyer anamtazama juu ya miwani yake. Anakiri kwamba ni kweli, hilo ndilo gumu, na watu wazima wengi limewashinda. Hamwulizi habari za biskuti. Anatia saini.

Lorene anasimama kwenye ngazi, anamkabidhi Galen mtoto. "Haya, basi limekosa abiria," anasema, anambusu shavuni penye unga, na kwenda kulala. Galen anabaki na Micah begani na macho mekundu, akiwaambia watoto wanaomiminika ndani kwamba ni vitunguu. Hakuna kitunguu kilichokatwa tangu asubuhi.

Muda mfupi kabla ya saa sita mlango unagongwa. Ni Mzee Zerbe, aliyevuka barabara kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kopo la jodari mkononi, limesuguliwa likang'aa. Anasema amekuja kulirudisha. Anaulizia matokeo kama mtu asiyejali. Anapoambiwa Tirzah amefaulu anasema hongera kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

"Basi ndiyo imekwisha," anaongeza, akilitazama kopo.

Galen anamweleza mpango wake, ambao anasema ameuombea wiki nzima. Hataki tena nyumba yake ilee watoto wanaojua kulisha umati tu. Kuanzia sasa kila mtoto akifika miaka minane atakuwa na mwaka wake wa kumpikia Mzee Zerbe, mzee akiridhia. Tirzah ataendelea hadi mwakani, na nyuma yake wako wengine wanne.

Mzee anatazama jikoni, kelele zikiwa zimefika pale anapozichukia zaidi. Macho yake yanatua kwa Micah, ambaye ameamka na anatafuna kijiko cha mbao. Anauliza huyo ana umri gani. Anaambiwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Midomo ya Mzee Zerbe inahesabu miaka, kisha anamkabidhi Galen kopo.

"Sawa," anasema. "Lakini huyo mwambieni mapema. Mimi njegere sili."