Uso Chini ya Buluu

Butembo ni mji wa biashara. Ukichora kuku, watu wanajua unauza kuku; ukichora mkasi, wewe ni kinyozi. Kwa hiyo Kasonia alipoanza kutundika mbao zenye rangi tupu, bila mtu wala mnyama, walimcheka mpaka wakachoka. Halafu wageni wakaja kutoka Goma, wakasimama mbele ya ubao wake wa kwanza, ule wa buluu nzito, wakasema huyu ndiye aliyefungua njia hapa kwetu. Kuanzia hapo kila mtu mjini akadai alimwamini tangu mwanzo.

Mwenyewe hakufurahi. Kila aliposifiwa kwa ubao ule aliinamisha macho, na watu wakamwita mpole. Upole gani? Ilikuwa aibu.

Zamani, akiwa bado Beni, aliishi kwa kuchora vibao vya maduka na sura za marehemu, zile zinazowekwa karibu na altare siku ya misa ya kumaliza kilio. Alimchorea Berthe, mjane wa Eringeti, sura ya mumewe Lusenge. Rangi ilipoanza kubanduka, Berthe akamrudishia ubao autengeneze kabla ya misa. Misa haikufika. Eringeti ilishambuliwa, na habari zikaja kwamba Berthe na jamaa zake wote wameuawa. Kasonia alilia, alilia kweli. Lakini mbao zilikuwa hazipatikani, na ule uliegemea ukuta bila wa kuudai. Akaupaka buluu, uso mzima.

Asubuhi moja Berthe akaingia karakana yake ya Butembo, amekonda, mzima. Kumbe alikimbilia Ituri.

"Papa Kasonia, nakuya kukamata foto ya bwana yangu. Nyumba iliungua na vyote. Ni ile tu ilibakia."

Angeweza kusema ubao ulipotea njiani. Vita vimemeza mengi, nani angembishia? Maneno yalikuwa tayari mdomoni, akayameza.

"Mama Berthe, batu balisema ulikufa. Nilipaka rangi juu yake." Akaonyesha ukutani. "Ni ile pale."

Berthe alisogea, akaupapasa ubao kwa kiganja.

"Macho yake iko wapi?"

"Kule chini. Nilimugeuza kichwa chini, ili asiniangalie."

Alitamani atukanwe. Berthe hakumtukana. Aliutungua ubao, akaufunga kwa kitenge chake, akaondoka nao kwenda Beni, na Kasonia hakuthubutu hata kumsindikiza.

Siku hizi wageni wakiuliza kazi ile ya kwanza, Kasonia anawaelekeza kwa Berthe. Wanarudi wakinung'unika kwamba yule mama ameitundika vibaya, jina la mchoraji liko juu, limepinduka. Walipomweleza hivyo, eti aliwajibu:

"Hapana. Ni jina yake tu iko kichwa chini. Bwana yangu anasimama muzuri."