Leso ya Karani Kwenye Ulanzi Wetu

Jamani, nimesukutua mdomo mara nne na kichefuchefu hakijaisha.

Leo nimempeleka karani mpya wa boma, mtu wa pwani, kwa baba mkwe wangu hapa Iringa. Njiani nikamfundisha desturi zetu. Salamu ni "kamwene". Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukiletwa, usikatae. Na mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu.

Tukakuta baba mkwe amekaa na wazee wenzake. Chungu kikaletwa. Ulanzi uliogemwa asubuhi, nyuki wawili watatu wanaelea juu. Sisi nyuki tunawapuliza pembeni, tunakunywa.

Karani akakunja uso. "Wadudu! Nyie hamchuji?"

Kabla sijajibu, akachomoa leso mfukoni.

Ile leso! Tangu tulipopanda lori moja jana kule Chimala, ndiyo aliyokuwa akipengea makamasi yenye vumbi. Ilikuwa imekauka ikakakamaa.

Akaitandaza juu ya chungu kingine, akamimina ulanzi wote. Halafu akaikamua. Kwa mkono!

Baba mkwe, ambaye hakujua habari za leso, akafurahi. "Mgeni wako msafi sana."

Nikasema moyoni, sawa, atakunywa mwenyewe.

Karani akachota kikombe, akanipa mimi kwa mikono miwili. "Mwenyeji wangu ni wewe. Onja kwanza, si ulinifundisha?"

Wazee wote wakanitazama.

Haya niambieni, mbele ya baba mkwe, wewe ungetema?

Mimi nimemeza. Ulanzi wa siku ya kwanza huwa mtamu kama sukari.

Wa leo ulikuwa na chumvi.