Msiba wa Vondo

Kyela mjini, ukimtaka Atupele wa Vondo, hata dereva wa bajaji aliyeanza kazi jana atakufikisha. Vondo ni simu, zile za kupangusa, ila za bei ya mkulima, na Atupele ndiye wakala wake na ndiye fundi. Ana ulimi wa pilipili huyu mama. "Nunua," huwaambia watu wa vijiji vya Makwale na Talatala wakishauza kokoa, "na ikikufia usinisengenye. Niletee mimi." Na huletewa kweli, maana simu za huku hufa vifo vya huku: hii imetumbukia jarubani, ile imefunikwa kwa majani ya mgomba pamoja na kokoa, ikachacha nayo.

Basi mwaka huu redio ikatangaza kwamba Vondo imenunuliwa na kampuni kubwa ya ng'ambo. Mtaalamu mmoja akaeleza kwa sauti tamu jinsi soko lake litakavyopanuka. Atupele akafurahi, akapaka meza yake rangi mpya. Maskini, hakujua kwamba mnunuzi alikuwa analitaka jina tu.

Habari kamili aliileta Telesphory, ofisa wa kampuni kutoka Mbeya. Alikuja mwenyewe badala ya kutuma ujumbe, na kwa hilo Atupele anamshukuru mpaka leo.

"Dada Atupele," alisema, "Vondo zijazo ni za bei kubwa, za watu wa mijini. Hizi zako hazitengenezwi tena. Na spea ndiyo zimekwisha, hakuna mzigo mwingine."

"Na walionunua kwangu?"

Telesphory alitazama viatu vyake. "Wanashauriwa wanunue mpya."

Hapo ndipo palipomuuma. Simu zile zilikuwa mikononi mwa watu anaowajua kwa majina, na yeye Atupele alikuwa amempa kila mmoja neno lake. Bila spea, neno lile lingekuwa uongo. Jirani yake Lugano, mwenye duka la simu za kila aina, alimshauri ahamie kwenye chapa nyingine, maisha yaendelee.

"Nikawaambie nini?" Atupele alimjibu. "Kwamba aliyeahidi ni kampuni, si mimi?"

Akaamua kufunga duka, arudi Talatala kulima mpunga na mama yake. Bodaboda wakaisikia habari hiyo, na kabla jua halijazama Makwale nzima ilikuwa inajua.

Jumamosi asubuhi alikuwa anafungasha bisibisi zake alipoona wanawake wanakuja kwa mstari, kanga zimefungwa kiunoni, vikapu kichwani, midomo imefungwa. Mwendo ule huku hafundishwi mtu. Wanawake wakitembea hivyo, wanakwenda msibani. Akamkimbilia Mama Kisa, mjane wa Makwale, aliyekuwa mbele.

"Mama, nani amefariki?"

"Si wewe uliyefiwa?" alisema Mama Kisa. "Tumesikia kampuni yako imekufa. Pole, mwanangu. Tusingeweza kukuacha ukae peke yako."

Atupele hakujua acheke au alie. Wanawake waliingia, wakatandika mkeka, wakaketi chini kama inavyopasa. Mfiwa haendewi mikono mitupu, kwa hiyo katika kila kikapu mlikuwa na ndizi na mchele. Na chini ya mchele mlikuwa na simu. Vondo kuukuu, zilizopasuka, zilizochacha, zilizosahauliwa masandukuni, kila mwanamke na za nyumbani kwake.

"Wewe ulisema zikifa tukuletee," alisema Mama Kisa. "Nyingine tuliona haya kuzileta, tulivyozitesa. Leo tumeleta zote. Toa kwenye wafu, wape wazima."

"Kufa kufaana," alisema Lugano akiwa mlangoni, kisha akaenda kutafuta chai ya wafiwa.

Atupele alizitazama zile simu kwenye mkeka. Kila moja ilikuwa na kitu kizima: kioo, betri, tundu la chaji. Spea ambazo kampuni mbili hazikuweza kumpa zilikuwa zimelala Makwale muda wote huo. Alishukuru moyoni.

Ya Mama Kisa ilikuwa ya marehemu mumewe, mzee Andongwisye. Kioo kilikuwa kimesagika. Atupele aliishika, asiifungue.

"Hii si ungeiweka, mama? Ni kumbukumbu."

"Kumbukumbu gani, imenyamaza tangu alipoondoka? Mzee hakuwa mtu wa kunyamaza. Fungua."

Akafungua. Spika ilikuwa nzima. Aliitoa, akaifuta, akaiunga kwenye simu ya Felista, jirani wa Mama Kisa, iliyokuwa bubu tangu iloane kwenye mpunga. Kisha akaipiga.

Ililia kwa nguvu hata wauza samaki upande wa pili wa soko wakageuka. Wanawake wakacheka, msiba ukavunjika. Mama Kisa peke yake hakucheka. Alisikiliza mpaka ikanyamaza.

"Piga tena," alisema.

Atupele akapiga tena. Na simu ikiwa inalia, akawaambia wote ndaga fijo, asante sana, na kwa kelele zile hakuna hata mmoja aliyemsikia.