Kapita kwenye Mizani ya Nyama

Jamani, kuna aibu zisizooza. Vita vimekuja, vimekwenda, vimerudi tena, watu wamehama na kurejea, lakini mimi nikikatiza sokoni Mususa bado kuna mtu atajificha nyuma ya magunia ya viazi na kulia "nyau!", na wenzake wavunjike mbavu. Basi nitawasimulia mwenyewe, maana wengine wanaongeza chumvi, na mkasa huu ulishakolea siku ileile.

Wakati ule nilikuwa na malewa, kibanda cha kuuza chakula kando ya barabara, na sifa yangu ilikuwa sungura wa Jumamosi: sungura kwa mafuta ya mawese, ndizi pembeni, bugali ya moto. Barabara ya Beni ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kwa kufuata hasira za wenye bunduki, kwa hiyo unga ukipatikana nilinunua mwingi nikaweka akiba, na panya wa Butembo nao wakajua. Mlinzi wangu alikuwa paka dume wa kijivu tuliyemwita Kapita, kwa sababu alizunguka magunia yangu asubuhi na jioni kama msimamizi wa shamba la kahawa. Bila Kapita hakuna unga, bila unga hakuna malewa, na bila malewa watoto wangu wanakula nini?

Sasa Kapita akaanza kuugua. Anakula kuliko askari, lakini mifupa ya mgongo unaihesabu, manyoya yamesimama, na tumbo limevimba kama ngoma. Jirani yangu Mama Kahambu, mwenye duka la sabuni ng'ambo ya barabara (mtu wa kujua kila kitu), akamtazama sana.

"Iyi paka iko na mimba," akasema.

"Mama Kahambu, ni dume!"

"Aah, mu hii vita tumeona mengi."

Siku iliyofuata Kapita akatapika kitu cheupe, kirefu, kama spageti, kikajikunja chenyewe pale sakafuni. Halafu kwenye tambara alilolalia nikaona punje za wali. Nikamfokea binti yangu Neema kwamba anakula wali kwa siri na kumwaga ovyo, mtoto akaapa kwa watakatifu wote, nikaokota punje moja nimwoneshe ushahidi, na ushahidi ukaanza kutembea kidoleni. (Mnaokula, mniwie radhi.)

Nikakimbia kwa Dokta Kambale, mganga wa mifugo kutoka Lubero, aliyekuwa na chumba nyuma ya soko. Amezoea ng'ombe na mbuzi. Nilipotaja paka akacheka kwanza, halafu akasikiliza.

"Njo nyoka ya tumbo, mama," akasema, yaani minyoo. "Iko nazo aina mbili. Ile ndefu anaitapika, na ile ya punje inatokea ku mukia. Anazikamata kwa panya na kwa viroboto. Na weye unapikiaka batu! Unawe mikono na sabuni, na ile tambara uchome."

"Basi nipe ile dawa batoto banakunywaka, docteur, nitamupa kipande."

"Hapana! Ya mutu ni ya mutu. Dawa ya paka inafwata kilo, ukizidisha utamuua. Iko na kilo ngapi?"

"Kama kuku mbili hivi."

"Mama Neema, kuku hapana kipimo. Umupime, kisha umulete."

Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mtu mwenye akili angeazima mizani akapimia nyumbani. Mimi nikasema: Jumamosi nakwenda sokoni kununua sungura, Papa Saidi mwuza nyama ana mizani ya kuning'iniza, na mlango wa Dokta uko nyuma yake tu, nitamtia Kapita kwenye gunia, nimalize yote kwa safari moja. Nilijiona mjanja sana.

Papa Saidi, Mwislamu wa Beni anayependa paka kuliko wateja, hakukataa. Akafuta ndoano, akatundika gunia, na foleni ya wanawake nyuma yangu ilikuwa imefika barabarani. Sasa huyu mzee ana mazoea: kila anachopima anakitangaza, na kila anachotangaza anakisifu.

"Tatu na nusu!" akapaza sauti. "Iko safi, iko na mafuta!"

Gunia likajibu: "Nyaaaau!"

Nikageuka, na wa kwanza niliyegongana naye macho alikuwa Mama Kahambu. Ningesimama pale nieleze, yangeisha. Lakini niliona haya kutaja minyoo mbele ya watu ninaowapikia, nikacheka kipumbavu, nikawasalimu "Wabukire" kama hakuna kitu, nikabeba gunia langu kwenda nyuma ya soko.

Kule nyuma Kapita alipiga kelele za kufa. Dokta anamfungua taya, mimi namshika miguu, nami napiga kelele kwa sababu kucha zake zimeingia mkononi, mpaka kidonge kilichopakwa siagi kikapita kooni na ghafla kimya. Kabla hatujashukuru Mungu, Kapita akaruka dirishani akapotea.

"Atarudi," Dokta akasema. "Leo minyoka inaweza kutoka, usiogope. Na kisha juma mbili tutarudilia dawa."

Nikatoka na damu kwenye aproni na gunia tupu kwapani. Na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa, nikanunua sungura waliokwisha kuchunwa, bila kichwa, bila mguu, bila hata unyoya wa kuonesha mtu. Hebu jiwekeni mahali pa wale wanawake wa foleni, mseme mngefikiri nini.

Na Jumamosi ile Komanda alikuwa ameagiza meza. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa askari walioshika mji wakati huo, na alikuwa na wageni kutoka Beni. Baa ya jirani alishaifunga kwa sababu tu bia ilikuwa ya moto. Nikapika kwa roho yangu yote. Komanda akala, akalamba vidole, akasifu utamu kwa Kilingala, "Elengi, mama! Elengi mingi!" nami nikavimba kichwa, na hapo ndipo nilipoona watu wamejaa mlangoni, hawaingii, wanamtazama anavyotafuna.

"Munaangalia nini?" Komanda akauliza.

Mama Kahambu akasukumwa mbele. Akapiga ishara ya msalaba kabisa.

"Mukubwa, utusamehe. Ile nyama tuliiona asubui. Ilikuwa inalia nyau."

Komanda akaacha kutafuna. Mgeni mmoja akaweka mfupa chini taratibu. Nikapiga magoti, nikaeleza yote, minyoo, punje, Dokta, kilo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo.

"Mama," Komanda akasema polepole, "mimi hapana kutaka hadisi. Mimi nataka paka. Ya muzima. Sasa hivi."

Ee Nyamuhanga, Mungu wangu! Nikachukua kijiko na sahani ya bati, nikatoka barabarani nikigonga kama ninavyogonga wakati wa kumpa samaki, "Kapita! Kapita wee!" Neema akaita, Mama Kahambu akaita (roho ilishamsuta), mwishowe Komanda akawaamuru askari wake nao waite, na Mususa nzima ikaona wanaume wenye bunduki wameinama chini ya malori wakisema "psi psi psi." Mimi nalia na kucheka kwa pamoja, nikijua kwamba Kapita asiporudi, nimekwisha.

Akarudi. Akashuka kutoka kwenye bati la paa, akapita katikati yetu bila salamu, akaingia ndani, akaruka moja kwa moja juu ya meza ya wageni. Watu wakapiga vigelegele! Mama Kahambu akanikumbatia, Komanda akacheka mpaka machozi, akanyoosha mkono ampapase kichwa.

Kapita akakunja mgongo. Akasema hwek, hwek, na hapo, kati ya bugali na ndizi, akaitoa minyoo yote, mirefu, myeupe, mingine bado inajinyonganyonga.

Na mimi, badala ya kufa kwa haya, furaha ikanizidi, nikaruka nikipiga makofi: "Dawa imetumika! Muone! Imefanya kazi!"

Komanda, mtu aliyelala misituni miezi na miezi, alikimbilia nje na kuinama kando ya ukuta, wageni wake nyuma yake. Aliporudi alikuwa amepauka, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, malewa haitafungwa. Lakini leo hapana kunipa kitu tena, ata maji."

Tangu siku ile hakuna aliyekula sungura wangu bila kuuliza kwanza, "Kapita iko?" Nikamwekea kiti mlangoni, na wateja wanamwona ndipo wanaagiza, akienda kutafuta wake zake, tunapika maharagwe. Dawa ya pili nilimpeleka mchana kweupe, mikononi, kichwa nje, nikiwaambia wote niliokutana nao kwamba ni minyoo. Paka kwenye gunia, mimi, tena? Hata mnilipe.

Alipokufa kwa uzee nililia kweli, maana alinilindia unga miaka yote ile. Lakini nilimzika saa sita mchana, nikaita mtaa mzima usimame kando ya shimo, na Mama Kahambu nikampa koleo afukie yeye mwenyewe. Na Jumamosi hiyo nilipika maharagwe.