Suti ya Msemaji

Egidius, dereva wa pikipiki pale Gitega, baridi haimpati. Alikulia Kigoma, na anadai joto la huko lilimbakia mwilini, basi tumwamini. Mwezi wa saba wenzake kijiweni huvaa makoti mazito nyuma mbele, vifungo mgongoni, na kipande cha boksi kifuani kuzuia upepo. Yeye huwacheka: "Mmefungwa kama mizigo!"

Siku hiyo alikuwa anakwenda Buhinyuza, huko Muyinga, kumposea mdogo wake Simoni. Egidius ndiye msemaji wa familia, na kwenye posa zetu msemaji akivurunda, kijana anarudi mikono mitupu. Kwa heshima hiyo akavaa suti ya kijivu, nyembamba, ya kupendeza kweli kweli.

"Baba Emmanuel, vaa koti juu," mkewe Gaudensia alimwambia alfajiri, ukungu umejaa hadi mlangoni. "We utafika umeganda."

"Suti ikunjamane? Thubutu!"

Gaudensia alijifunga vitenge viwili, akapanda nyuma.

Kufika Karuzi, bwana mkubwa hasikii vidole. Kufika Buhinyuza, ilibidi mkewe amshushe. Lakini suti, jamani, haikuwa na hata mkunjo mmoja!

Watu wakaketi, pombe ya ndizi katikati. Egidius akasimama. Hotuba aliyoifanyia mazoezi wiki nzima ikagoma. "Tu-tu-tumeku..." Meno yakagongana, wote wakasikia. Simoni akainamisha kichwa, machozi yanamlenga.

Mzee Kasiano, msemaji wa upande wa binti, alimtazama Egidius juu mpaka chini. "Kumbe! Familia iliyoshindwa kumvika msemaji wake, Jeska wetu itamvika nini?"

Vicheko! Egidius akafungua mdomo, meno yakagongana tena.

Gaudensia ndiye aliyeinuka. Wanawake hawasemi kwenye posa, naye hakusema neno. Alivua kitenge chake cha juu, chenye kuku wakubwa wa njano, akamzungushia mumewe, akakaza fundo kifuani, akarudi kukaa.

Mzee Kasiano alilitazama lile fundo.

"Haya. Kumbe nyumba hiyo ina mtu mwenye akili. Jeska atakwenda kukaa naye. Mpeni msemaji uji wa moto."

Kesho yake Egidius alipita kijiweni na kuku wake kifuani.

"Mzigo umefika!" wenzake wakapiga kelele.

"Tumepewa mke," akajibu, na fundo hakulifungua.