Nusu ya Kichwa cha Mwalimu

Walimwita Chapchapu, na jina halikumwonea. Msusi mwenzake akianza kichwa pamoja naye, Chapchapu atamaliza, atafagia nywele, atakunywa chai, na mwenzake bado yuko kisogoni. Haraka haraka haina baraka, mama yake alimwambia tangu utotoni. Yeye akajibu baraka zitangulie tu, atazikuta njiani. Alisuka huku anacheka, anamjibu aliye mlangoni na aliye kwenye simu kwa mpigo mmoja, na kiti chake pale saluni hakikupata nafasi ya kupoa.

Sasa mtu wa namna hiyo, jaribu kumwambia atulie! Pikipiki ilimgonga akivuka barabara, kichwa kikapiga ukingo wa lami, na alipozinduka hospitalini ubongo wake ulikuwa umefuta kitu kimoja tu: kushoto. Macho mazima, mikono mizima, miguu mizima, ila chochote kilichokaa kushoto, kwake yeye hakikuwepo. Na ubaya wa jambo lenyewe, mwenzangu, ni kwamba mtu haoni kuwa haoni. Alikula wali wa upande wa kulia wa sahani, akaisukuma, akafoka, "Mimi mgonjwa au mfungwa? Mbona mnanipunja?" Mume wake, fundi bomba, mtu mpole wa kupitiliza, akaizungusha ile sahani. Chapchapu akaona wali umetokea.

"Ahaa! Kumbe mpaka mtu agombe!"

Alipotoka hospitali alitaka kitu kimoja, kiti chake. Mdogo wake alikuwa anamshikia, lakini mteja hana ndoa na msusi, na kila siku iliyopita Chapchapu aliona watu wake wanazoea mikono mingine. Usingizi ukamruka. Akawa anasimama, anakaa, anasimama tena, anafungua mlango, anasahau alichofungulia. Ndipo mume wake akampeleka kwenye kituo cha mchana, vyumba vitatu nyuma ya karakana ya seremala, ambako watu walioumia ubongo wanashinda wakijifunza upya kupika, kufua, kwenda dukani na kurudi na walichotumwa. Jioni kila mtu anarudi kwake.

Mkuu wa pale alikuwa mama mnene, mtaratibu, wote wakimwita Mwalimu. Alikuwa na mtindo wake, na mtindo huo ulimtia Chapchapu wazimu. Hakumsahihisha mtu. Unafanya kazi yako, yeye anakuuliza neno moja: "Umemaliza?" Ukisema ndiyo, basi, imekwisha, na kazi inabaki ilivyo. Siku moja mzee waliyemwita Dereva, aliyeangukiwa na mzigo akishusha lori, alipika chai akasahau majani. "Umemaliza?" "Nimemaliza." Kituo kizima kikanywa maji moto yenye sukari, Mwalimu wa kwanza, mpaka Dereva mwenyewe alipokionja kikombe chake akasema, "Lahaula! Nani kapika uchafu huu?"

Chapchapu alicheka mpaka akashika mbavu. Ya kwake hakuyaona. Aligonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango kila akipita, akasema mlango wao mwembamba. Akafagia nusu ya chumba, akaegemeza ufagio, akauliza saluni ataenda lini.

"Siku utakapoulizwa umemaliza," Mwalimu alimwambia, "ukakagua, ukajibu mwenyewe kwamba hujamaliza. Kesho yake nakupeleka saluni kwa mkono wangu. Kabla ya hapo sikuachii barabara. Nayo ina kushoto."

"Una roho ngumu wewe," Chapchapu akasema.

"Ndiyo."

Lakini hasira yake kubwa haikuwa kwa Mwalimu. Kwa mume wake ndiko kulikokuwa na kidonda. Kila aliyekaa naye pale kituoni alisimuliwa: alilazwa kwenye chumba kisicho na dirisha, ukuta mtupu, na mwanamume aliyemzalia hakuja hata siku moja kukaa naye. "Sauti yake naisikia, yeye mwenyewe simwoni. Alikuwa anasimama ukumbini, anaogopa wagonjwa!" Mwanzoni mume alijaribu kujitetea. "Nilikuwepo, mama." "Ulikuwepo wapi? Mfukoni?" Mwisho akaacha kujibu. Alimleta asubuhi, akaja kumchukua alasiri na begi lake la spana, akayameza maneno ya mkewe. Yalimuuma sana, ila hakuwa mtu wa maneno.

Asubuhi moja Chapchapu akasimama katikati ya chumba. "Nimechoka na mafagio! Nipeni kichwa!"

Mwalimu akavua kitambaa, akavuta kiti, akakaa. Alikuwa na nywele nyingi, nzito. Akabana kibanio chekundu juu ya sikio lake la kushoto, akasema, "Anzia hapa."

"Nifundishe kuoga basi, si kusuka," Chapchapu akamjibu, akaanzia alikotaka mwenyewe.

Jamani, vile vidole havikuwa vimesahau kitu! Watu waliacha shughuli zao wakaja kutazama. Mistari ilinyooka, midogo, iliyokazwa vizuri, na mdomo wake nao ukarudi kazini, akawa anamtania Dereva kwamba kipara chake angekisuka bure. Kwa mara ya kwanza tangu ajali miguu yake ilitulia. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akapiga makofi. "Tayari! Lete kioo!"

Nusu ya kulia ya kichwa ilikuwa imependeza. Nusu ya kushoto ilikuwa timutimu, na kibanio chake. Dereva akafungua mdomo, Mwalimu akamkata jicho, akaufunga.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Tena leo nimekwenda taratibu, nimekuhurumia."

Mwalimu akashukuru. Hakuomba kioo, hakurudisha kitambaa. Alishinda vile vile, akapokea wageni vile vile, na jioni akatoka barabarani akaenda kwake, upande mmoja umesukwa, upande wa pili umesimama juu.

Kesho yake Chapchapu alikuwa wa kwanza kufika. Mwalimu alipoingia wakakutana uso kwa uso mlangoni, kushoto kwa mmoja kukawa kulia kwa mwenzake, na Chapchapu akapandwa na mori.

"Umefumua! Kazi yangu yote ile umeifumua! Kama hukuipenda, huna mdomo?"

 Mwalimu akageuka taratibu, akampa mgongo. Mistari hiyo hapo, mizima, kama alivyoiacha.

"Haa!" Chapchapu akamshika mabega akamgeuza. Mistari haipo. Akamgeuza tena, ipo. Akamzungusha yule mama mnene mpaka mwenyewe akaomba ashike ukuta asianguke. Basi Chapchapu akaachana na macho. Akaweka vidole kwenye msuko wa mwisho, akavitembeza juu ya utosi, kwa ngozi tu, na vidole vikatoka kwenye mistari vikaingia kwenye nywele tupu. Vikaendelea. Vikafika kwenye kibanio.

"Hii nusu," aliuliza, na sauti haikuwa yake, "jana ilikuwa wapi?"

"Ilikuwepo."

"Na ukaenda nayo kwenu hivi?"

"Nilikwenda nayo. Mwanangu amecheka mpaka ameshindwa kula."

Chapchapu akakaa chini. Alilia kwa hasira, halafu akalia kwa woga, maana alikuwa ameanza kuhesabu mengine: bega na mlango, sahani, chumba na ufagio. Kisha akafuta uso kwa kiganja. "Kaa," akamwambia Mwalimu.

Safari hii alitafuta kibanio kwanza. Ilikuwa kazi ya kuudhi. Ilibidi akaze shingo kushoto, na shingo ikirudi tu, kichwa kinamkimbia, nywele zinatoweka mkononi mwake. Alisuka, akapotea, akapapasa, akajitukana, akasuka tena. Chapchapu mzima, mstari mmoja unamla saa nzima! Alasiri ikaingia bado hajafika mbali.

"Mama, umemaliza? Twende."

Ilikuwa sauti ya mume wake, na hakumwona. Siku nyingine angesema, haya, umeanza tena kujificha. Leo mikono ilisimama.

"Uko wapi?"

"Nipo hapa."

Akageuza shingo kushoto, akapita pale alipodhani chumba kimeishia, akaendelea kugeuza. Na kumbe yupo, amesimama karibu kabisa, begi la spana miguuni.

"Kule hospitali," akauliza polepole, "ulikuwa unakaa wapi?"

"Kwenye kiti. Kilikuwa kimoja tu, pale dirishani."

"Dirisha gani?"

Dereva na wenzake wakatazamana. Habari ya chumba kisicho na dirisha waliijua kwa moyo.

"Lile kubwa, la pazia la kijani," mume akasema. "Ukilalamika joto, nilikuwa nafungua."

Upepo aliukumbuka. Alikuwa akilala pale anajiuliza unatoka wapi.

"Ulikuja mara ngapi?"

"Sikuondoka, mama. Nililala pale pale kitini."

Chapchapu akamtazama, shingo bado ameikaza kushoto.  Mume akaona aibu mbele za watu, akainama kuchukua begi. "Ulikuwa mgonjwa," akasema. "Yameisha. Umemaliza hapo? Twende."

Chapchapu akapapasa kichwa cha Mwalimu mpaka akakipata kibanio, akapima kwa vidole nywele zilizobaki. Akageuza tena shingo, yote, mpaka akamwona mume wake.

"Sijamaliza," alisema. "Vuta kiti ukae. Huku, kushoto kwangu. Na uwe unaongea, nijue ulipo."

"Kesho saluni," Mwalimu akasema, kichwa kimeinama.

Fundi bomba asiye na maneno akavuta kiti. Akatafuta la kusema, akakosa, akaanza na kilichokuwa kinaonekana kutoka kwenye lile dirisha.