Askari Hajafika Kwao

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, mtaani Mwembesongo, wembe uko shingoni, redio ikaanza ule wimbo wa askari anayemuaga mama yake kwenda vitani. Mteja aliyekuwa akisubiri zamu akahamisha stesheni.

Wembe ukasimama kooni.

"Rudisha," kinyozi akasema taratibu.

"Mzee, wimbo wenyewe wa zamani huo."

"Rudisha. Hajafika kwao."

Mteja akanitazama shingo, akarudisha. Sikuthubutu kumeza mate. Ubeti wa mwisho askari akapiga hodi kwa mama yake, na wembe ukaanza tena kutembea.

"Kaka yangu alikwenda vita vya Kagera akiuimba," kinyozi akaniambia. "Anarudi humo wimboni tu."

Wanaosema nyimbo hizi zimepitwa na wakati, waende wakayaseme hayo pale kwenye kiti cha kinyozi.